Kinanda cha Kithai, Mkono wa Tanga

Nyie vijana wa vinanda mnaonijibu kwa Kizulu nikiwasalimia kwa Kiswahili, leo mtanisikiliza kwa Kiswahili mpaka mwisho. Nawajua. Mmeniona nikipanda kilima pale mtaa wa Observatory na kikapu changu mkadhani bibi huyu alikuwa muuza vitumbua. Vitumbua sijui kupika, muulizeni mume wangu. Mimi nilikuwa mpiga kinanda, na kinanda chenyewe nilikipigia nyimbo za Kithai, kwenye mkahawa wa Kithai, hapa hapa Braamfontein, Johannesburg, tangu mwaka ule wa 1994 watu walipopanga foleni ndefu kupiga kura mpaka 2007 vidole viliponiambia basi, inatosha.

Najua mnachojiuliza. Mwanamke wa Tanga na Wathai, wapi na wapi? Subirini, mna haraka ya nini.

Themba, mume wangu, ni mtu wa hapa. Enzi za mapambano dhidi ya ubaguzi alikuwa kwetu Morogoro na wenzake, akaja Tanga kwenye harusi ya rafiki, akaniona nimekaa nyuma ya kinanda cha kikundi chetu cha taarabu, akasahau kula pilau. Hayo anayasema yeye, mimi namkumbuka akila sahani mbili. Waliporuhusiwa kurudi kwao, nikarudi naye. Tukapanga chumba Jeppestown juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, na mimi nikawa mpiga kinanda asiye na kinanda, katika mji uliokuwa ukicheza muziki wa kwaito tangu asubuhi. Nilizunguka kumbi zote. Waliniuliza, "Unapiga jazi?" Hapana. "Unapiga nyimbo za kanisani?" Nimesimama na ushungi wangu kichwani, mtu ananiuliza nyimbo za kanisani! Nikawa narudi nyumbani nimenuna.

Basi siku moja nakatiza Braamfontein, nikasikia sauti ya mwanamke kutoka dirisha la mkahawa. Ilipanda, ilipofika juu haikushuka kama za watu wengine, ikatetemeka pale pale, ikajikunja, ndipo ikateremka polepole kwa ngazi ndogo ndogo. Nilisimama katikati ya barabara, robot, taa za barabarani, imeshawaruhusu wenye magari, madereva wananitukana kwa lugha zote kumi na moja za nchi hii. Mimi nawaza moja tu: huyu mtu wa kwetu! Nikaingia mbio.

Hakuwa wa kwetu hata kidogo. Alikuwa mama mfupi, kafunga aproni, anatwanga pilipili kwenye kinu huku akiimba na kaseti. Ndiye Lamai, mwenye mkahawa. Kwenye kona palikuwa na kinanda cha umeme kimelaliwa na magunia mawili ya mchele. Sikuomba ruhusa. Nikashusha magunia, nikapangusa vumbi kwa mtandio, nikawasha, nikaitafuta ile sauti kwa mkono wa kulia. Lamai akaacha kutwanga. Kiingereza chake na changu ukivijumlisha hupati kimoja kamili, kwa hiyo hatukuzungumza. Alinipa sahani ya wali na mchuzi ulionitoa machozi na kamasi, akanyoosha kidole kwenye kinanda, akasema, "Tomorrow." Ndivyo nilivyoajiriwa.

Sasa niwaeleze nilichokikuta, maana nyie mkisikia muziki wa Kithai mnadhani ni kitu kimoja. Lamai alikuwa na masanduku matatu ya kaseti. La kwanza nyimbo za mashambani: mpunga, ng'ombe, mvua iliyochelewa, mchumba aliyekwenda mjini akasahau kurudi. Hizo ndizo zenye sauti za kukunja. La pili nyimbo za bendi za mjini, magitaa na ngoma, wanaume wenye nywele ndefu na huzuni nyingi. La tatu lilikuwa la Fon, binti yake wa pekee, aliyezaliwa hapa hapa Johannesburg. Humo mlikuwa na nyimbo za vijana, za kurukaruka, majalada yake yana watoto waliopaka nywele rangi hata hujui nani msichana nani mvulana. Lamai alilikalia sanduku hilo, kwa kweli kabisa. Alilifanya kigoda.

Kujifunza wimbo wakati ule, wanangu, ilikuwa kazi ya mikono. Unasikiliza mstari mmoja, unarudisha kaseti, unausikiliza tena, unarudisha. Mashine ikitafuna utepe unautoa taratibu kama unavyotoa mwiba, unauzungusha kwa kalamu ya risasi. Na kaseti zenyewe zilikuja kutoka Bangkok ndani ya makasha ya mchuzi wa samaki, chupa moja lazima ipasuke njiani. Kila wimbo nilioufahamu ulinuka. Mpaka leo nikipita duka linalouza mchuzi ule vidole vyangu vinachezacheza vyenyewe, Themba anaona aibu kutembea nami.

Lamai ndiye aliyenifunza. Ujanani alikuwa mchezaji wa bendi ya kuzunguka vijijini, wale wasichana wanaovaa manyoya kichwani na kucheza nyuma ya mwimbaji. Alizijua nyimbo zote, lakini kipaza sauti hakuruhusiwa hata kukigusa. Ndiyo maana huku kwetu akikishika hakiachii. Alinifundisha kwa kijiko cha mbao. Nikipiga noti isiyotakiwa, kijiko kinagonga meza. Zile nyimbo za mashambani zina noti tano tu, basi. Mimi mkono wangu wa taarabu umezoea kupita kila kichochoro, ukaongeza ya sita, ukaongeza ya saba. Kijiko hakikupumzika. Ilinichukua muda kuelewa kwamba uhodari si kujaza kila nafasi. Mwimbaji akivuta pumzi, mwachie pumzi yake! Nyie mnaopiga kwenye harusi za Yeoville nawasikia, bibi harusi hajafika mlangoni mmeshamaliza noti zote za dunia.

Halafu ikaja mashine. Ndugu mmoja wa Lamai aliileta, ile inayocheza sahani za picha na kuonyesha maneno ya wimbo kwenye televisheni, yanabadilika rangi unapotakiwa kuimba. Nyuma ya maneno kuna mwanamke anatembea kando ya maporomoko ya maji, hata wimbo ukihusu treni. Wateja waliipenda mno. Wanafunzi wa chuo, Kithai hawajui hata neno, walipanga foleni waimbe. Mimi nikapelekwa jikoni kumenya kamba.

Nilimenya kamba nikiilaani ile mashine kwa sauti. Papa Ilunga, mhudumu wetu kutoka Lubumbashi, shemasi kanisani kwake, ananiambia, "Mama, wacha kulaani mashine, haina roho." Mimi namjibu, ndiyo maana nailaani, ingekuwa na roho ningeihurumia.

Kilichoniokoa ni adabu. Wathai wana desturi kama yetu ya kutunza kwenye taarabu. Wimbo ukiwaingia, wanainuka na makoja ya maua, wanakwenda kumvisha mwimbaji shingoni. Na mwimbaji kila akivishwa lazima akutanishe viganja, ainame, amshukuru mtu kwa jina. Mchana mmoja wa Jumapili Lamai anaimba na mashine, wakainuka meza nzima. Akainama kwa wa kwanza, akainama kwa wa pili. Mashine haina habari, inaendelea na safari yake. Alipoinua kichwa ubeti umepita. Akainama kwa wa tatu, wimbo umekwisha, na yeye kasimama na maua mpaka masikioni hajaimba hata nusu. Watu wakacheka. Lamai hakucheka. Aliita "Zuhura!" kama anayeita watu wa zimamoto. Nikatoka jikoni na maganda ya kamba mikononi, nikakaa, nikauzungusha ule mstari, nikauzungusha tena, nikauzungusha mpaka wa mwisho alipovisha koja lake na kurudi kukaa. Tangu siku hiyo mashine ikawa ya wateja na mimi nikawa wa Lamai. Mkono wa mpiga kinanda umtazame mwimbaji, shikeni hilo kama hamtashika lingine.

Mambo ya kwao nayo yakabadilika. Mwaka ule pesa yao ilipoporomoka, ndugu wa Lamai walimpigia simu wakilia, kazi zimekwisha mjini, watu wanarudi vijijini. Na nyimbo za mashambani, ambazo watu wa Bangkok walikuwa wakizionea haya, ghafla zikawa zinapigwa redioni mchana kutwa. Wale watoto wa nywele za rangi wakaanza kuziimba nao, wakaweka midundo ya kompyuta chini yake. Kaseti zikapotea, zikaja sahani, sahani moja nyimbo mia. Na Fon akawa anakwenda kwenye duka la intaneti pale karibu na chuo, anarudi na wimbo uliotoka Bangkok juzi, haujanuka hata samaki.

Sasa tumfikie huyo Fon, maana yeye ndiye sababu ya mimi kuwakalisha hapa.

Fon alikua chini ya kinanda changu. Alijifunza Kiswahili pale, miguuni pangu, anachanganya na Kizulu chake cha shuleni, anakwambia "Mama Zuhura, eish, leo nimechoka mimi." Na tangu akiwa mdogo alitaka jambo moja tu: kusimama mbele ya bendi kubwa ya kwao, ile yenye wachezaji wa manyoya, aimbe. Si nyuma kama mama yake. Mbele.

Lamai alikubali, kwa sharti. Kwao mtu haimbi hadharani kama hana mwalimu, na mwalimu si wa kuokota, unampokea kwa ibada, kwa maua, mishumaa na ubani. "Basi wewe ndiye mwalimu wake," nikamwambia. Akakataa. Yeye alikuwa mchezaji, hakufundishwa kuimba na mtu, na tena mama hawezi kuwa mwalimu wa mwanawe. Akanitazama. Nikatazama nyuma yangu, hapakuwa na mtu.

Niliona ni kama kumpeleka mtoto chuoni kwetu kusoma Kurani, unakwenda na sahani ya halua, mwalimu anapokea, kwisha. Nikakubali. Siku yenyewe vijiti vyao vya ubani vikawa vimekwisha dukani. Nikasema hilo tu? Nikaja na chetezo changu, mkaa, na udi niliotumiwa na dada yangu kutoka Tanga, wa maharusi. Nikafukiza kama ninavyojua mimi. Lo! Mkahawa wote ukapotea katika moshi. Fon amepiga magoti na maua yake anakohoa, Papa Ilunga anauliza, "Mama, hii moshi iko naita nani?" Mara mlinzi wa jengo akashuka mbio na mtungi wa kuzimia moto, akamwagia povu tambi za watu wa meza ya dirishani. Lakini Fon hakuinuka. Alisujudu mpaka paji la uso likagusa miguu yangu, akanikabidhi maua. Lamai analia, mimi nalia, na mlinzi naye macho yanamtoka maji kwa ule moshi. Nikawa mwalimu.

Nikamfundisha nilichokuwa nacho. Pumzi nilimfundisha kwa kumlaza chali na kitabu cha simu tumboni. Kuchelewa nilimfundisha, maana mwimbaji anayewahi mdundo anaonekana ana njaa. Na kukunja sauti nilimfundisha, ila hapo nilikuwa na wasiwasi moyoni. Mikunjo ya Kithai sikuzaliwa nayo. Niliyokuwa nayo ni ya Tanga, ya bibi zangu, na ndiyo niliyompa. Wakati mwingine Fon akimaliza mstari, Lamai angeinamisha kichwa upande mmoja kama mtu aliyeonja chumvi asiyoijua. Nikawa nahofu nimemharibia mtoto wa watu sauti.

Wathai wa hapa husherehekea mwaka wao mpya mwezi wa Aprili, uani kwa mkahawa wetu, kwa kumwagiana maji. Vijana wanawamwagia wazee maji ya marashi viganjani kwa heshima, halafu heshima inaisha wanamwagiana kwa ndoo. Mpiga kinanda mwenye akili anafunika chombo chake kwa pazia la bafu, anapiga mikono ikiwa chini yake. Nimepiga hivyo miaka mingi, naonekana kama mtu anayetafuta pete iliyopotea.

Mwaka mmoja walikuwa na mgeni. Bwana Prasert, kiongozi wa bendi ya kuzunguka, ile ile ya namna aliyoitamani Fon. Kila mtu alijua alikuwa anatafuta sauti moja mpya, msichana wa kuimba nyimbo za mashambani na midundo ya sasa. Fon hakula tangu jana yake. Lamai alivunja sahani asubuhi, na yeye si mvunja sahani.

Fon akapanda jukwaani mchana, jua kali, watu wameloa chapachapa. Akachukua wimbo wa sanduku la kwanza akauimba kwa mwendo wa sanduku la tatu. Ubeti wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu, wanangu, akafika kwenye ile kona ya mwisho, na badala ya kukunja kama kaseti inavyokunja, akakunja Tanga. Tanga kabisa! Nilijificha chini ya pazia la bafu. Nilipochungulia, Bwana Prasert alikuwa ameweka glasi yake chini.

Wimbo ulipokwisha alimwita. Akamwuliza ule mkunjo ni wa mkoa gani, maana yeye amezunguka mikoa yote ya kwao kwa lori na hajawahi kuusikia. Fon angeweza kutaja mkoa wowote. Alinyoosha mkono akanionyesha mimi.

Bwana huyo akaja. Mtu wa makamo, suti imeloa, nywele zimempaka rangi shingoni. Akakutanisha viganja mbele ya uso, akainama, chini kuliko alivyowainamia wakubwa wengine pale, akasema maneno marefu. Fon akatafsiri, sauti inatetemeka si kwa ufundi.

"Mwalimu, anasema kwao mwanafunzi hachukuliwi bila kuombwa kwa mwalimu wake. Anaomba anichukue kwenye bendi yake. Anasema, unamruhusu?"

Nyie! Niambieni, mtu mzima amekuja na adabu zake zote, ameinama, anamwomba binti kwako. Kwetu hiyo ni posa, haina jina lingine. Na posa haijibiwi siku hiyo hiyo. Ukijibu siku hiyo umemfanya binti yako kama kitu kilichokaa dukani kikikosa mteja. Basi nikakaa vizuri, nikarekebisha ushungi, nikatabasamu kama wajomba zangu walivyokuwa wakitabasamu.

"Mwambie nimemsikia," nikasema. "Nitazungumza na wenzangu. Nitamjibu."

Fon alinitazama. Nikamwashiria, tafsiri mwanangu. Akatafsiri. Bwana Prasert akainama tena, akarudi nyuma hatua chache, akaenda zake. Lamai alikuwa ameshika bakuli, akaliweka mezani, akaingia ndani. Nikaona, watu wa adabu hawa, wamenielewa.

Nikaenda nyumbani nimejaa furaha hadi nikaimba njiani. Nikamsimulia Themba. Alicheka, akakumbuka wajomba zangu walivyomrudisha mara tatu, wanamnywesha kahawa chungu na kumwuliza habari za mvua. "Lakini Zuhura," akasema, "mimi mtu alinidokeza nirudi kwa wale wajomba. Huyu nani kamdokeza?"

Usingizi ukaniruka. Asubuhi nilipofika mkahawani Papa Ilunga alikuwa ananingoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Zuhura, juu ya nini ulikatala? Mutoto iko nalia tangu jana."

"Nimekataa nini?"

"Bale Bathai, ukibaambia nitajibu na unacheka kidogo, njo kusema hapana. Hapana ya heshima. Mama yake amesema hataki kukuona leo. Na yule bwana anarudia kwao."

Toba! Mtoto niliyemlea chini ya kinanda, ndoto yake ya pekee, na mimi nimeizima kwa tabasamu. Sikuvua hata koti. Bwana Prasert alikuwa amefikia nyumba ya wageni Observatory, na mimi nikapanda kile kilima kwa miguu, na magoti haya haya, kila nikisimama kupumua najitukana.

Nilimkuta uani, anaanika suruali zake za jukwaani, zenye vimetameta, kwenye kamba. Akaniona, akakutanisha viganja. Na hapo ndipo nilipogundua sina mkalimani.

Kithai changu chote nimekitoa kwenye nyimbo. Najua kusema moyo wangu umepasuka. Najua usiniache, najua nitakungoja kando ya mto. Kuomba chumvi sijui. Nikavuta pumzi nikaanza na nilichonacho. Nikamwambia: nakupa moyo wangu. Akarudi nyuma. Nikamwambia: mchukue, uende naye mbali. Nikamwambia: usimuumize, mvua ikinyesha mfunike. Nikamwambia: mimi nitalia, lakini nenda. Nilikuwa nimeanza kulia kweli. Maskini, yule bwana alijikinga na suruali yenye vimetameta, akachomoa simu, akampigia Lamai. Baadaye nilielezwa alichosema. Alisema mpiga kinanda wenu yuko hapa, naona ananipenda, njooni upesi.

Walikuja upesi, Lamai kwenye usukani na aproni yake, Fon macho yamevimba. Fon hakunisalimu. Alisimama mbali.

"Mwalimu, mbona ulinikataa mbele ya watu wote?"

"Sijakukataa, mwanangu. Nani kasema nimekukataa?"

"Ulisema utajibu!"

"Ndiyo, kwa sababu nilitaka kujibu! Sikiliza. Kwetu mtu akija kukuomba, hatumpi siku hiyo. Anarudi. Anakunywa kahawa, anarudi tena. Lazima ajue anachokiomba si cha kuokota. Nilitaka ajue una kwenu, Fon. Akikuchukua kule ajue una wenyewe, wamekaa Johannesburg, na siku akikufanyia ubaya watamwuliza. Ningekupa palepale kama chenji ya dukani? Wewe?"

Fon alifunika uso kwa mikono miwili. Nikajua safari hii kilio kimebadilika, maana alinijia na kuniangukia kifuani, mbele ya suruali na kila kitu, akawa anasema mwalimu, mwalimu, na mimi nampigapiga mgongoni, namwambia nyamaza basi, utaharibu koo.

Lamai alikuwa anagombana na bintiye kwa macho, nini, nini, anasema nini? Fon akamweleza kwa Kithai, neno kwa neno, anafuta makamasi kwa kiganja. Lamai alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta aproni yake ikae sawa, akamgeukia Bwana Prasert, akasema kitu kifupi sana. Yule bwana akashtuka, akajibu kwa wasiwasi akionyesha juu angani. Lamai akarudia.

"Wanasemaje?" nikamwuliza Fon.

Fon alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Mama anasema yeye ndiye mama, na yeye pia hajajibu. Anamwambia arudi Alhamisi. Yeye anasema ndege yake ni Jumatano. Mama anasema hiyo ni shida ya ndege."

Bwana Prasert aliibadilisha safari yake. Alhamisi mchana akaja mkahawani, amenyoa, ana sinia la matunda na maua. Tulimketisha. Nilipika kahawa mwenyewe, chungu kama ya wajomba zangu, na Lamai akamwuliza habari za mvua. Alivumilia mpaka kikombe cha pili, ndipo akaweka kikombe chini, akakutanisha viganja, akaomba upya. Mimi nikamtazama Lamai, Lamai akanitazama mimi. Tukajibu ndiyo kwa pamoja, yeye kwa Kithai na mimi kwa Kiswahili, na Fon hakuhitaji kumtafsiria mtu yeyote.